Kibanda cha bolti Kirinyaga Road, Nairobi: nenda na bolti yako ya zamani

Keria ya gari langu ni ya aluminiamu, bolti zake za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Bolti zinang'aa hadi leo. Kilicholiwa ni keria yenyewe: kuzunguka kila tundu kumejaa unga mweupe, na rangi imevimba kama chapati kwenye kikaango. Gari hili hushuka Mombasa mara kwa mara, na chumvi ndiyo huchochea. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, umeme mdogo hupita kati yake, na aluminiamu ndiyo inayolika.

Kibanda ni chembamba, hakina hata jina mlangoni. Mwenyewe, mzee wa maneno machache, aliigeuzageuza bolti yangu akasema, "Kijana, usibadilishe bolti. Zitenganishe." Akanipa washa za nailoni pamoja na vibomba vya plastiki vya kuvalisha bolti ndani ya tundu. Hapo kwenye vibomba ndipo mafundi wengi huruka, ilhali washa pekee haizuii ubavu wa bolti kugusa aluminiamu. Nikauliza kuhusu bolti za daraja la A4, ambazo ni ghali zaidi. Angeweza kuniuzia tu! Akajibu kwamba A4 huvumilia chumvi kuliko A2, stenlesi ya kawaida, lakini keria ingeendelea kulika vilevile.

Lawama ninazo: risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, grisi utaitafuta kwa jirani, na maegesho ni vita. Fika asubuhi.