Skrubu kwenye kaakaa la mwanangu: uzoefu wangu hapa Mbeya

Mwanangu ana miaka minane. Tangu chekechea analala mdomo wazi, asubuhi midomo imekauka, na alikuwa akikoroma kumshinda baba yake. Sisi tunakaa Uyole, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku mnaijua, kila mtoto ana kamasi. Basi nikaisingizia baridi miaka miwili mizima.

Aliyenishtua ni daktari wa meno tuliyemwendea kwa jino bovu tu. Alimwambia mtoto aume meno, kisha akaniita, "Mama, sogea uone." Upande wa kulia meno ya juu yalikuwa yanaingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika, na kaakaa lilikuwa jembamba, limeinuka kama paa la msonge. Akaniambia dari ya mdomo ndiyo sakafu ya pua, kwa hiyo huku kukibana, na kule mara nyingi kunabana. Mfupa wa kaakaa ni vipande viwili vinavyokutana katikati, na kwa mtoto maungio hayo hayajashikana bado, ndiyo maana yanaweza kusogezwa taratibu. Ukimsubiri awe mtu mzima, mara nyingi inabidi apasuliwe.

Kifaa chenyewe cha kupanua kaakaa ni chuma kinachogandishwa kwenye magego ya juu, katikati kina skrubu. Kila jioni baada ya kula alilala chali, baba yake akimulika kwa tochi ya simu, mimi nazungusha kwa kifunguo chembamba. Ni robo mzunguko, sawa na robo milimita. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka mpaka mtoto ndiye akanituliza. Alisema anahisi kubanwa karibu na pua, dakika chache kunaisha. Panadol tulimpa mara mbili tu katika siku zote 24.

Kilichotusumbua ni chakula. Ndizi na wali havina shida, lakini ugali unanasa juu ya skrubu, kidole hakifiki na mswaki haufiki. Dawa niliyoigundua ni bomba la sindano lisilo na sindano: unavuta maji ya uvuguvugu, unapuliza. Mahindi ya kuchoma na muwa vilipigwa marufuku, na msimu wa mahindi huo! Wiki ya kwanza alitamka "s" kama mlevi, wenzake shuleni wakamcheka, baadaye wakazoea.

Malalamiko yangu ni mawili. Bei niliyoambiwa mapokezini ilikuwa ya kifaa peke yake, picha ya eksirei na marudio yakaja juu yake. Ulizeni jumla yote kabla hamjaanza. La pili ndilo lililoniuma: mhudumu mmoja alinihakikishia kwamba kukoroma kutakwisha. Hakukwisha. Meno yalikaa sawa, pua ikafunguka kidogo, lakini usiku mziki ukaendelea. Tulipompeleka kwa daktari wa pua na koo ndipo zikaonekana nyama za puani, kubwa, zimeziba njia. Zilipotolewa, baada ya siku chache nyumba ilikuwa kimya usiku hadi nikaamka kumpapasa kifua kama anahema.

Kwa hiyo kama mtoto wako anakoroma, anzia puani. Hata chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani, ambacho kinashauri mtoto akaguliwe asizidi miaka 7, kilisema kwenye ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba kaakaa lisilo na kasoro halipanuliwi eti kumkinga mtoto na kukosa hewa usingizini. La mwanangu lilikuwa na kasoro, na kwa hilo kifaa kimefanya kazi yake vizuri kabisa. Nakipa nyota nne.

Ile ya tano ameiondoa bibi yake wa Tukuyu. Skrubu ikifungua kaakaa, meno mawili ya mbele yanaachana na mwanya unatokea. Bibi alipouona alipiga vigelegele: "Mume wangu sasa kapendeza!" Tukamweleza kwamba utajifunga wenyewe wakati kifaa kinakaa ile miezi sita ya kusubiri mfupa ujae. Hakutaka kusikia. Alipokuja Krismasi akakuta meno yameshikana, alimwangalia mjukuu, akaniangalia mimi, akasema, "Mmelipa pesa yote hiyo kumharibu mtoto?"