Kamera chini ya maji haina huruma: nilivyolipia kuonyeshwa makosa yangu

Nina miaka 44. Nilianza na kukimbia, nikaongeza baiskeli, kuogelea kukaja mwisho tena kwa shingo upande, kwa sababu triathloni haina mlango wa nyuma wa kukupitisha hadi kwenye baiskeli bila kulowa. Mashindano ya umbali wa Olimpiki ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Ukipiga hesabu, maji ni kama sehemu tatu katika mia za safari yote. Nilijifariji na hesabu hiyo miaka miwili mizima: nitavumilia majini, wenzangu nitawakuta barabarani. Shida ni kwamba nilikuwa natoka majini magoti yamelegea, moyo unadunda masikioni, na dakika kumi za kwanza juu ya baiskeli ni za kuhema tu. Sehemu tatu zilikuwa zinakula zile tisini na saba.

Dawa niliyoijua ni ile ya mkimbiaji: ongeza mazoezi, ongeza nguvu. Nikaongeza. Nikachoka zaidi, saa ikabaki palepale. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ukizidisha mwendo mara mbili ukinzani unapanda mara nne. Kwa hiyo mtu aliyelala vibaya majini akiongeza nguvu anaongeza povu, basi. Hili nililisoma mara nyingi na kulikubali kwa kichwa. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyelala vibaya ni mimi. Mimi nilijiona nimenyooka kama mkuki.

Ndipo nikaweka nafasi kwenye huduma ya kurekodiwa na kuchambuliwa. Ni kikao cha saa moja na nusu, waogeleaji wanne, kocha mmoja. Jina lake nalihifadhi, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia.

Mpangilio ni mwepesi. Unaogelea mita 200 za kupasha mwili, halafu unaenda mita 50 mara nne, mtindo huru, mwendo wako wa kawaida. Kocha anatembea ukingoni na kamera iliyofungwa kwenye fimbo ndefu: safari ya kwanza anakupiga kutoka ubavuni chini ya maji, ya pili kutoka mbele, ya tatu kutoka nyuma, ya nne kutoka juu. Alituambia tusijikaze kuogelea vizuri. Sote tulijikaza vilevile, mita 50 za kwanza. Kufikia ya tatu ulikuwa umechoka kuigiza na ule uogeleaji wako halisi umejitokeza wenyewe. Nadhani ndiyo maana anarekodi mara nne.

Kisha mnakaa mbele ya kompyuta, mmejifunika taulo, maji yanachuruzika chini ya viti, na mnaanza kutazama mmoja mmoja huku wengine wanasikiliza. Hili la kutazamwa na wenzio liliniudhi kabla sijalijaribu. Baadaye niliona ndilo lililonifaa sana, kwa sababu kosa la jirani unaliona upesi kuliko lako.

Zamu yangu ikafika. Kocha, binti mdogo kwangu kwa karibu miaka ishirini, akaisimamisha picha mahali nilipokuwa nageuka kuvuta pumzi upande wa kulia. Akachora mstari mwekundu kutoka utosini hadi visiginoni. Nilitarajia mstari ulale. Ulikuwa umeinama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kichwa kiko juu ya maji chote, macho yote mawili nje, na miguu iko chini kabisa, vidole vimeelekea sakafuni kama mtu anayetafuta ngazi gizani.

"Mzee wangu," akasema, "tuutazame mkono wa kushoto."

Akaisogeza picha kidogo kidogo. Mkono wangu wa kushoto, ambao wakati huo ulitakiwa uwe umenyooka mbele ukisubiri, ulikuwa unashuka moja kwa moja kuelekea chini, kiwiko kimenyooka, kiganja kinasukuma maji kwenda sakafuni. Akarudisha nyuma, akaachia tena. Mkono unashuka, kichwa kinapanda. Mkono unashuka, kichwa kinapanda. Nilikuwa nauegemea mkono ule kama mtu anavyoegemea meza akitaka kuinuka. Na papo hapo miguu ikawa inapanuka kama mkasi, mmoja kulia mmoja kushoto, ili mwili usipinduke. Makosa matatu niliyokuwa nikiyatafutia dawa tatu tofauti yalikuwa ni jambo moja: nilikuwa nainua kichwa.

Akauliza, "Na pumzi unaitoa wapi?"

Nikamjibu natoa majini, kama kila mtu anavyofundishwa. Hakubishana nami. Aliicheza tena picha ya ubavuni, polepole, tangu uso unapoingia majini mpaka unapotoka. Hakuna hata kipovu kimoja. Midomo imefumbwa, mashavu yamevimba. Pumzi yote nilikuwa naibana, kisha nikigeuka nataka kuitoa na kuvuta nyingine katika muda wa kupepesa jicho. Haiwezekani, na ndiyo maana kichwa kilikuwa kinapanda: kutafuta muda. Alieleza pia kitu ambacho sikuwahi kukiunganisha. Ile hamu kali ya kupumua, ile hofu inayokupanda kifuani kwenye mita ya 30, kwa kawaida hailetwi na kukosa oksijeni. Inaletwa na kaboni dayoksaidi unayoikalia. Tena kifua kilichojaa hewa kinaelea kama boya, na kifua kikipanda juu, miguu inakwenda upande wa pili. Nilikuwa najizamisha kwa pumzi zangu mwenyewe.

Kwa dakika zile kumi na tano za mbele ya kioo cha kompyuta, huduma hii ningeilipia mara mbili. Nimeambiwa "teremsha kichwa" na watu wengi ukingoni mwa bwawa, wote walikuwa sahihi na hakuna aliyenisaidia, kwa sababu mwili wangu ulikuwa na uhakika kwamba kichwa kiko chini. Mtu mzima hubishana na maneno. Picha haijibiki.

Tukarudi majini kwa nusu saa ya mwisho. Zoezi langu lilikuwa la kuona haya: kushika ukingo, kuzamisha uso, na kutoa pumzi kwa kuguna, "mmmm", bila kukatiza, kisha kugeuza uso hadi jicho moja tu litoke na lingine libaki majini. Mara ishirini. Baadaye kulala ubavu na kupiga miguu, mkono mmoja mbele, sikio limelala begani, hadi pumzi itulie. Kijana niliyekuwa naye njia moja alipewa kuogelea kwa ngumi, yaani unakunja viganja na kulazimika kuvuta maji kwa mkono wote kuanzia kiwiko. Yule alitoka anacheka. Mimi nilitoka na maji puani.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni ripoti. Tuliahidiwa baada ya siku tatu, ikaja baada ya kumi na mbili. Hilo ningelisamehe. Lakini ilikuwa na kurasa tisa na makosa kumi na moja, kila kosa na zoezi lake, kila zoezi na idadi yake. Mkono unavuka katikati. Vidole vimetanuka. Mwili hauzunguki sawasawa upande wa kushoto. Vifundo vya miguu vimekakamaa (nimekimbia miaka kumi na tano, vitakosaje kukakamaa). Yote kweli, nadhani. Ila mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika kumi na moja. Wiki mbili nilizofuata karatasi ile zilikuwa mbaya kuliko mbili zozote tangu nianze kuogelea. Nilikuwa kila mita kumi nakumbuka kitu kingine na kusahau kupumua, ambako ndiko kulikonipeleka huko tangu mwanzo. Kocha aliyeniona vizuri vile mbele ya kioo alijua kosa mama ni lipi. Kwa nini karatasi ilipanga yote kumi na moja sawasawa, kama orodha ya vitu vya kununua?

La pili ni makasia ya mikononi, vile vibao vya plastiki vinavyovaliwa viganjani. Ripoti ilinishauri niyatumie "kujenga nguvu ya kuvuta", na kulikuwa na picha ya makasia mapana kuliko viganja vyangu kwa mbali. Nikayapata, nikayatumia mara nne, bega la kulia likaanza kuniuma nikinyoosha mkono kuchukua kitu kabatini. Mtu anayesukuma maji kwenda chini kwa mkono ulionyooka hapaswi kuongezewa eneo la kusukumia. Hili sihitaji kuwa kocha kulijua. Yeye alikuwa na video yangu.

Kuhusu vifaa vingine nitasema kifupi. Snorkeli (mrija wa kupumulia) ya kuvaa katikati ya uso ilinisaidia sana, kwa kuwa inakuondolea shughuli ya kupumua na kukuachia kazi ya kutazama mkono wako mwenyewe unavyofanya. Mapezi mafupi vilevile, kwa mazoezi ya ubavu. Lile boya la kubana mapajani nalipenda kupita kiasi, na hiyo ndiyo hatari yake. Nikilivaa nakwenda kasi kuliko bila lenyewe, na kocha alitafsiri hilo bila kupepesa: ukiwa na kasi zaidi pale miguu inapoinuliwa na kitu kingine, basi bila kitu hicho miguu yako inazama. Watu wa triathloni tunajidanganya kwamba wetisuti, lile vazi la mpira linalokusaidia kuelea, itafanya kazi ya boya siku ya mashindano. Itafanya, mpaka maji yawe ya joto na waamuzi watangaze kwamba hairuhusiwi.

Baada ya zile wiki mbili za balaa niliiweka ripoti kando na kubaki na mambo mawili tu: toa pumzi mfululizo, acha jicho moja majini. Nilikwenda bwawani mara tatu kwa wiki, dakika 45 kila mara, na robo saa ya kwanza ilikuwa ya mazoezi hayo bila kuangalia saa. Nilijipima kwa njia inayotumiwa na wengi: unaogelea mita 400 kwa nguvu yako yote, unapumzika vya kutosha, unaogelea 200, kisha unatoa muda wa 200 katika muda wa 400 na kugawa kwa mbili. Kinachobaki ni mwendo wa kila mita 100 ambao kwa makadirio unaweza kuushikilia kwa umbali mrefu. Kabla ya kikao nilikuwa na 9:20 na 4:26, yaani 2:27 kwa kila mita 100. Wiki ya nane baada ya kuiweka ripoti kando: 8:24 na 4:02, yaani 2:11. Kwa muogeleaji aliyekulia majini hizo ni namba za kupashia mwili. Kwangu, sekunde 16 kwa kila mita 100 ni dakika nne za mita 1,500, na ninapanda baiskeli nikiwa binadamu. Idadi ya mara ninazovuta mkono kwa urefu wa mita 25 imepungua kutoka 27 hadi 22. Sikuongeza nguvu yoyote.

Pengo kubwa la huduma hii ni kwamba inaishia bwawani. Bwawani kuna mstari chini wa kukuongoza. Ziwani na baharini hakuna, inabidi uinue macho kutafuta alama, na kuinua macho ndiko kuinua kichwa, ule ugonjwa wangu. Sote wanne tulikuwa watu wa triathloni na hakuna dakika hata moja iliyotumika kwa hilo. Nilipomuuliza mwishoni alinionyesha akiwa amesimama nchi kavu: macho ya mamba, unatoa macho tu, mdomo unabaki majini, pumzi unaivuta baadaye ukigeuka ubavuni. Dakika mbili, na ni kati ya vitu vilivyonifaa zaidi. Vingepaswa kuwa ndani ya kikao.

Nani aende? Mtu anayeweza kuogelea mita 200 bila kusimama na ambaye muda wake umeganda. Kama bado unaogopa maji, fedha hiyo itafute mwalimu wa kukaa naye kila wiki; kamera itakuonyesha hofu na hofu unaijua tayari. Na kama umekulia kwenye timu, labda utafaidika na ile ripoti ya kurasa tisa kuliko mimi.

Kwa nyota, natoa nne katika tano. Kioo kinastahili tano, ripoti mbili, na bega langu bado linapiga kura.

Nimeweka nafasi ya kikao cha pili. Nilimwandikia kocha kwamba safari hii naomba kosa moja tu, hata kama ataona ishirini, na nikamtumia kipande cha video nilichopigwa na mwenzangu kwa simu kutoka ukingoni. Alijibu jioni ileile.

"Sawa mzee. Basi ni kichwa. Bado kichwa."