Kingamwili ya SUR1: kwa bloti nzuri, kwa hadubini hapana

Nafanya kazi na seli za beta za kongosho, zile zinazotoa insulini, na nilihitaji kingamwili, yaani protini inayonasa protini moja maalumu, ya kunionyesha SUR1 kwa hadubini na kwa bloti (protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando wa bloti, kisha hutafutwa kwa kingamwili). Hiki ndicho kipokezi cha sulfonilurea, mahali zinaponasa dawa kama glibenklamidi ili mfereji wa potasiamu ufunge. Mfereji mzima ni SUR1 nne zikizizunguka Kir6.2 nne, protini zinazounda tundu lenyewe la kupitisha potasiamu. Niliagiza ya sungura, polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi), iliyotengenezwa kwa peptidi, kipande kifupi cha mkia wa protini. Kampuni sitaitaja, maana nina ya kuisema.

Wiki mbili za kwanza zilipotea bure. Nilichemsha sampuli nyuzi 95 kwa dakika tano, kama ninavyofanya kwa kila protini, na kila bloti ikatoka na wingu jeusi juu kabisa ya jeli, chini yake patupu. Niliwaandikia wauzaji kwa hasira. Walinijibu kwa kunitumia tena ile karatasi ya maelezo niliyokuwa nayo mezani. Aliyeniokoa ni dada mmoja mzoefu wa maabara yetu. Alitazama filamu, akauliza, "Umechemsha?" Basi. SUR1 inapita kwenye utando wa seli mara 17. Ukiichemsha inagandamana na kukataa kuingia kwenye jeli. Siku hizi naiacha sampuli ndani ya bafa kwa nusu saa, joto la kawaida la chumba, halafu jeli ya asilimia 7.5 na kuhamishia kwenye utando wa bloti usiku kucha kwenye baridi.

Hapo ikaanza kusema. Ila karatasi inaahidi mstari mmoja wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 177, mimi nikapata miwili: wa chini karibu na 140, wa juu mpana, kati ya 150 na 170. Usiitupe kwa hilo. 177 ni hesabu ya asidi amino tu, na protini za utando mara nyingi hukimbia kwenye jeli tofauti na uzito wao. Mstari wa chini ni SUR1 ambayo bado iko ndani ya seli na sukari zake changa. Wa juu ni ile iliyokwisha kukomaa. Nilihakikisha kwa Endo H, kimeng'enya kinachokata sukari changa tu: wa chini ulishuka, wa juu haukutikisika. Kisha nikaiweka SUR1 peke yake kwenye seli za COS, seli za figo ya nyani zinazokuzwa maabara, ambazo hazina mfereji huu, na ukatoka mstari wa chini pekee. Nilipoongeza Kir6.2, wa juu ukajitokeza, kwa sababu kila mmoja humficha mwenzake alama inayowazuia kutoka ndani. Jaribio hilo lilinifurahisha kuliko yote ya mwaka ule.

Jaribio la haki, hata hivyo, ni seli zilizoondolewa ABCC8, jeni la SUR1. Kwenye bloti mistari yote miwili ilitoweka. Ulibaki mmoja karibu na 60, ambao si wetu, kwa hiyo usikate utando wa bloti ukabakiza kipande cha chini na kudhani umeipata. Peptidi ya kuzuia wanayouza pembeni, ya kuiziba kingamwili isinase kitu kingine, iliufuta hata huo wa 60, ndiyo maana siitegemei kama ushahidi.

Kwa hadubini, msijisumbue. Seli zisizo na jeni ziling'aa sawasawa na zenye nalo. Karatasi imeweka alama ya vema hapo, na picha nzuri juu yake, bila seli za kulinganishia.

Kipimo changu cha kuizimua kingamwili ni 1:500, si 1:1000 yao. Igaweni kwenye vichupa vidogo siku ileile inapofika, isigande na kuyeyuka mara kwa mara. Na mkiagiza tena, ulizeni namba ya toleo. Toleo langu la pili lilikuwa la sungura mwingine, na mstari wa 60 ulikuwa mnene kuliko SUR1 yenyewe. Nimebakiwa na vichupa vitatu vya lile la kwanza, nimeviandika jina langu kwa wino usiofutika.