Saiklokrosi ya mtumba kwa njia za Karura na Ngong: ipi ununue

Saiklokrosi ni baiskeli ya mbio za tope yenye usukani uliopinda chini, na nyingi za mtumba hapa Nairobi zilitengenezwa kwa mbio za tope za majira ya baridi kule Ubelgiji na Uholanzi, ambako sheria za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, haziruhusu tairi inayozidi milimita 33. Kwa hiyo usianze na jina la kampuni wala uzito. Anza na nafasi ya tairi. Pitisha kidole cha shahada kati ya tairi na foki, kisha kule nyuma karibu na pedeli. Kikikwama, udongo mwekundu wa Karura baada ya mvua utajaa hapo hapo na gurudumu ligome kuzunguka.

Chaguo langu la kwanza ni saiklokrosi ya breki za diski inayobeba tairi ya milimita 38 hadi 40. Katikati ya wiki inakupeleka kazini kwa lami, Jumamosi inaingia msituni, na njia za Karura si za mawe makubwa kiasi cha kulilia shoki. Rimu zikikubali, weka tairi za tyubulesi, yaani zisizo na tyubu ndani. Nina kilo 70 na hujaza PSI 35 tu, tairi ikashika mizizi vizuri. Zamani nilipotumia tyubu, jiwe liliibana tairi kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Asubuhi moja Ngong nilibandika viraka vinne.

Ya pili ni baiskeli ya graveli, ile ya njia za changarawe. Kwa uendeshaji inaishinda saiklokrosi: tairi pana zaidi, gia nyepesi, imetulia kwenye mteremko. Kilichoishusha ni bei tu. Ukiipata kwa bei ya saiklokrosi, chukua.

Ya tatu, MTB (baiskeli ya milimani) yenye shoki ya mbele. Lakini kama moyo wako uko kwenye miteremko ya mawe ya Ngong, hiyo ndiyo ya kwanza, achana na orodha yangu. Tairi ya inchi 2.2 ni karibu milimita 56, na mikono yako itashukuru. Kandamiza shoki dukani. Ikiacha mafuta kwenye miguu yake, omba punguzo la matengenezo au ondoka.

Ya mwisho ni saiklokrosi ya zamani, yenye breki za kubana rimu. UCI iliruhusu diski mwaka 2010, kwa hiyo nyingi za kabla ya hapo ni za aina hii. Rimu ikilowa tope unabana na baiskeli inaendelea kwenda. Pitisha ukucha ubavuni mwa rimu: ikiwa imebonyea kama kijiko, imelika, na inaweza kupasuka ukiwa mteremkoni.

Yoyote utakayochukua, hesabu meno ya gia. Gia nyepesi kabisa ya saiklokrosi nyingi ni meno 36 mbele na 28 nyuma, na kwa mlima wa Ngong hiyo ni nzito. Muulize fundi, kabla hujalipa, kama direla ya nyuma, kifaa kinachohamisha mnyororo, itafika meno 32.