Duka la kubeti pale Mwanjelwa: nyota moja, na hiyo ni ya kiti

Jamani nimekaa humu miezi minne kwahiyo naongea ninachokijua. Viti vizuri, skrini kubwa, na baridi ya Mbeya unaisahau kabisa. Wahudumu hawana shida, dada wa kaunta ananiitaga kaka. Tatizo ni meseji bwana, kila jioni simu inalia "bonasi yako inakungoja", nikaidaka, kumbe huitoi mpaka uizungushe kwenye mikeka, yaani tiketi za kubeti, mara kibao, hiyo si zawadi ni chambo.

Halafu lile bango la mshindi mlangoni, sisi tuliochaniwa mikeka, tulioliwa hela, mbona hatupigwi picha? Piga hesabu, mechi 10 kwenye mkeka mmoja, kila moja odi 1.5 (yaani ukipatia hela inazidishwa mara 1.5), buku inakupa elfu 57 na ushee, tamu eeh, ila hata kila mechi ikiwa na nafasi mbili kati ya tatu mkeka mzima unatiki, yaani mechi zote 10 unapatia, kama mara 2 kwenye 100. Mi niliweka mpaka hela ya mbolea ya viazi kule Uyole, mama watoto hajui bado.

Na madogo wa sare za shule wanaingia tu, wakati sheria inasema miaka 18.