Mtungi wa sura ya mtu, mtindo wa Wamoche: kagua mirija kabla ya kulipa

Karakana moja ya ufinyanzi jijini Mbeya inauza nakala za mitungi ya Wamoche, watu waliokaa pwani ya kaskazini ya Peru kati ya miaka ya 100 na 800 hivi, kabla kabisa ya dola ya Wainka. Mtungi wenyewe ni kichwa cha mtu aliyevaa kilemba. Utosini inachomoza mirija miwili, inapinda na kukutana, kisha unatoka mdomo mmoja.

Uso umefanywa vizuri mno. Wamoche walikandamiza udongo kwenye kalibu ya vipande viwili, wakaunganisha, halafu wakamalizia kwa mkono, na sura zao nyingi ni za watu halisi: yupo mwenye kovu mdomoni aliyefinyangwa tangu utotoni hadi utu uzima. Fundi huyu kafuata njia hiyohiyo. Mshono umekwanguliwa hadi hauonekani, na kope zimechorwa kwa kijiti udongo ungali mbichi.

Tatizo ni mirija. Kwa kuwa ni myembamba kuliko kichwa, hukauka na kusinyaa mapema, na ufa huanzia pale iliposhikizwa. Ilitakiwa ifunikwe kwa nailoni ili vyote vikauke pamoja. Kati ya mitungi mitano iliyopangwa rafuni, miwili ina ufa mwembamba kama unywele, umezibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Gonga kwa kifundo cha kidole: mtungi mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti nzito iliyokufa. Kisha tia maji uyamimine, mrija mmoja ukiwa juu ya mwenzake. Maji yapite mrija wa chini, hewa iingie kwa wa juu. Yakitoka kwa kukwamakwama, mrija mmoja umeziba kwa ndani, na huwezi kuuzibua tena.

Vanishi nayo inaharibu. Mitungi ya Wamoche ilipakwa uji wa udongo, mwekundu na wa rangi ya maziwa. Hii ya Mbeya inametameta kama plastiki, na mikunjo ya uso inapotea kwenye mng'ao. Agiza ambao haujapakwa vanishi. Ni wa pambo, si wa maji ya kunywa, maana udongo uliochomwa kwa moto wa kuni hutoa jasho.

Ukisafiri nao kwa basi, ushike kitakoni, kamwe si kwenye mirija, japo inafanana na mkono wa birika. Jaza gazeti lililofinyangwa katikati ya upinde, ndipo uuviringishe kwenye kitenge.