NAS mpya, bekapu ya siku sita na kale kawaya ka simu

Mie napiga picha na video za harusi hapa Unguja, upande wa wanawake tu, singo, kupamba mpaka ukumbini, na wenzangu wa kazi hii mnajua picha zetu si kama za watu wengine. Bibi harusi na wageni wake wameshavua mabaibui, nywele wazi, wameniamini, zile picha ni amana. Siwezi kuzitupia tu mtandaoni kwenye hifadhi ya mtu nisiyemjua. Ndo mana nikajikusuru nikanunua NAS, yaani kisanduku cha diski kinachokaa kwenye netiweki ya nyumbani, Synology DS223, ile ya diski mbili, nikatia diski mbili za 4 TB zinazonakiliana, nikaiweka ghorofani karibu na ruta na UPS yake chini, betri ya kushikilia umeme ukikatika, maana umeme wetu mnaujua.

Nilikuwa na eksteno nne, zile diski za nje za kuchomeka, za kuhamishia kwenye NAS. Nikaanza na ya harusi za Shaabani, TB 2 imejaa, nikaichomeka kwenye laptopu chini ninapofanyia kazi, nikatuma kwa wai-fai. Megabaiti 3 na nusu kwa sekunde! Nikapiga hesabu, siku sita na zaidi, na hapo laptopu isizimwe wala isilale, na ikikatika katikati sijui nishafika wapi. Wallahi nilikaa nikaitizama ile namba nikahisi pesa zangu zimepotea, nikaanza kuilaumu NAS kwa kila mtu.

Sasa NAS haikuwa na kosa lolote, na hapo ndo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu nimekutana na watu wawili Darajani wana kesi hiyo hiyo na wote wanataka kuuza vyombo vyao.

Kwanza wai-fai. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na laptopu iko chini ruta iko juu. Kuangalia video kwenye simu utaona mambo mazuri tu, lakini kumimina TB 2 kupita ukuta ule haiwezekani. Nikachukua waya wa netiweki wa zamani uliokuwa umepita ngazini nikachomeka. Ikapanda mpaka 11. Afadhali, lakini ikaganda hapo hapo 11, haipandi haishuki, usiku kucha.

Mtoto wa dada yangu ambaye anavuta waya za kamera akaja Ijumaa baada ya sala, akatizama skrini hata hajakaa akaniambia, "Mamdogo, hii kumi na moja si ya bure, huo ndo mwisho wa megabiti 100." Akanieleza kwamba waya ule una nyuzi nane ndani, gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, inazitaka zote nane, zikifa moja mbili vyombo vinakubaliana kushuka kwenye megabiti 100 ambayo inatumia nyuzi nne tu, na wewe hupewi taarifa yoyote, unaona inafanya kazi. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 100 ukigawa kwa 8 ni megabaiti 12 na nusu, toa zinazoliwa na safari yenyewe njiani unabaki na 11. Akachomoa kile kichwa cha plastiki akanionesha kwenye mwanga wa dirisha, vile vibati vidogo vya mbele viwili vimeota ukungu wa kijani kabisa, chumvi ya bahari hiyo, sie tuko hatua chache kutoka Forodhani. Akakata, akabana vichwa vipya pande zote mbili, dakika kumi. Kuangalia kwenye setingi za NAS, megabiti 1000.

Nikajua tumemaliza. Ikaja megabaiti 36! Imeongezeka mara tatu ndio lakini gigabiti inatakiwa kufika megabaiti 110 hivi. Hapo akanifundisha kitu ambacho ningekijua siku ya mwanzo nisingepoteza wiki: usipime safari nzima, ipime vipande. Chukua faili moja kubwa, video ya GB 5 au 10, ikopi kutoka eksteno kuja kwenye diski ya laptopu yenyewe. Kisha faili hilo hilo litoe laptopu lipeleke NAS. Kipande kitakachokwenda pole ndo chenye ugonjwa. Mie laptopu kwenda NAS ilikuwa 108, eksteno kuja laptopu 36. Basi netiweki haimo tena.

Akauliza, waya wa eksteno uko wapi? Ulipotea zamani, nilikuwa natumia wa kuchajia simu ya zamani. Tizameni tundu la eksteno hizi za kawaida, ni pana lina sehemu mbili, kubwa na ndogo, na kale kawaya ka simu kanaingia kwenye ile sehemu kubwa na diski inawaka kama kawaida, lakini hapo unakwenda kwa USB 2, na ile sehemu ndogo uliyoiacha wazi ndo yenye mwendo wa USB 3. Nikanunua waya wake khasa, nikachomeka kwenye tundu la buluu, 105. Eksteno ya TB 2 ikamaliza kwa saa tano na kitu.

Ya pili ilikuwa picha, sio video, mafaili madogo madogo maelfu, ikashuka mpaka 8. Hiyo ni kawaida, kila faili lina salamu zake za kufungua na kufunga. Nilifunga kila harusi kwenye zipu moja bila kubana, ikarudi juu.

Ya tatu ndo ilonitia hofu. Inakwenda 100, ghafla inasimama 0, inatoa sauti tik, tik, inaendelea. Waya mpya, tundu lile lile. Tukafungua programu inayosoma afya ya diski, SMART, tukakuta sekta mbovu, vile vipande vya diski visivyosomeka tena, zinaongezeka kila tukisoma. Jamani ukiona hivyo usiendelee kupima mwendo, diski inakufa. Nilisimamisha, nikachagua kwanza harusi ambazo wenyewe hawajachukua kazi zao, nikazitoa folda moja moja, iliyokwama naiacha naenda nyengine. Klipu tatu sikuzipata. Mmoja wa wale mabibi harusi mama yake ameshafariki, na video yake imetoka nzima, nimempelekea mwenyewe kwa mkono.

Kwa hiyo DS223 naipa tano kwa tano kwa kazi yangu. Haina kelele, na ina tundu la USB mbele, eksteno ya nne nimeichomeka pale moja kwa moja, laptopu haihusiki kabisa. Ukitaka zaidi ya gigabiti 1 hii si yako. Na diski mbili zinazonakiliana si bekapu, ukifuta kwa bahati mbaya inafuta kote, kwa hiyo nakala ya tatu naiweka kwa mama yangu huko Chake Chake, Pemba, naipeleka kila nikipanda boti.

Ya nne sasa hivi imebaki GB 300, nikitoka kusali Isha itakuwa ishamaliza.